Klabu inafungwa na reli ndogo hazijaisha, tuzipeleke wapi?

Safu ya maswali ya wasomaji: Fundi anajibu

SWALI: Fundi shikamoo, pole na kazi. Mimi ni mtu wa Taveta lakini naishi Leicester, Uingereza, mwaka wa ngapi sijui sasa, na ni mwanachama wa klabu ya treni ndogo, zile za modeli zinazotembea kwa umeme juu ya meza. Ukumbi wetu uko ghorofa ya juu kwenye kiwanda cha zamani cha soksi, sasa mwenye jengo ameuza, wanakuja kugeuza fleti, na tumeambiwa mwisho wa Machi tuwe tumetoka. Tumebaki wanachama wachache na wengi ni wazee, hamna mwenye nguvu ya kwenda kuanza upya mahali pengine. Shida ni leauti zetu, yaani zile meza zenyewe na reli zake na stesheni na kila kitu, tunazo tatu na hakuna hata moja iliyokamilika.

Ya kwanza ni OO (ukubwa unaotumika sana Uingereza, reli za upana wa milimita 16.5), bodi saba za futi nne kwa mbili, ni stesheni ya Leicester Central jinsi ilivyokuwa kabla haijafungwa 1969, reli zote zimeshalazwa, waya ziko nusu, majengo machache, kwingine kote ni plaiwudi tupu. Ya pili ni N (ukubwa mdogo zaidi, reli za upana wa milimita 9), bodi mbili tu, treni zinatembea vizuri lakini hamna mti wala nyasi. Ya tatu ndo inaninyima usingizi. Aliianzisha mzee mmoja Mhindi wa Mombasa miaka ya sabini mwanzoni, alikuwa mfanyakazi wa East African Railways akahamia huku na familia yake, akaanza kutengeneza stesheni ya Voi kwa kumbukumbu zake na picha alizokuja nazo, skeli ya 1:87 na reli za upana wa milimita 12. Alifariki kabla hajamaliza, ikabaki klabuni. Kuna bodi mbili, jengo la stesheni, tangi la maji, na Garratt mbili (zile injini ndefu za mvuke zenye viungo) ambazo hazijafika hata kupakwa rangi. Mimi nikiiangalia naona kwetu kabisa, vile reli ya Taveta inachepuka pale.

Wenzangu wengine wanasema tuite kontena la taka tumalize, mwingine anataka eBay, mwenyekiti anasema makumbusho. Kazi nimepewa mimi kwa sababu ndo niliongea sana kwenye mkutano. Nianzie wapi? Na hii ya Voi, inaweza kurudi Kenya?
Msomaji, Leicester

JIBU: Marahaba kaka, na poleni sana, kufunga klabu si jambo dogo, ni kama kuvunja nyumba ya ukoo, kila kitu unachoshika kina mwenyewe. Na hapo kwenye mwenyewe ndo naanzia. Hiyo ya Voi isitoke kwenye hilo jengo mpaka umeongea na watoto wa yule mzee. Mtu alitengeneza stesheni aliyoifanyia kazi, kwa mikono yake, katika mji wa ugenini, halafu ikabaki klabuni miaka yote hiyo. Je, aliikabidhi klabu au aliiacha tu pale kwa sababu nyumbani hapakuwa na nafasi? Kama hamna karatasi wala mtu anayekumbuka, basi chukulieni ni mali ya familia, wapigieni simu, waje waione, wakisema chukueni basi mwombe waandike hata mistari miwili na saini. Pengine watataka jengo la stesheni tu liwekwe sebuleni, wapeni. Pengine kuna mjukuu hajawahi kujua babu alitengeneza kitu kama hicho. Leicester mnajua nyie wenyewe ilivyojaa familia zilizotoka Kenya, Uganda na Tanganyika, hawa sio watu wa kutafuta mbali.

Swali hilohilo la mali liulizeni na kwa hizo nyingine mbili. Toeni katiba ya klabu msome kifungu cha kuvunja klabu kinasemaje. Kama klabu imesajiliwa kama chariti, mali haigawanywi kwa wanachama hata mkikubaliana wote, inabidi iende kwa chariti nyingine yenye lengo kama lenu au linalokaribia. Kama ni klabu ya kawaida tu ya watu waliokutana, fuateni katiba, na kama katiba haisemi kitu piteni kwenye mkutano, pigeni kura, andikeni kwenye minitsi. Nasisitiza hili manake nimeona urafiki wa miaka ishirini ukifa kwa sababu ya kontrola mbili (vile vifaa vya kuendeshea treni) na boksi la pointi (zile reli za kugeuzia treni njia). Na kila mwanachama aje achukue vitu vyake binafsi mapema, injini zake, mabehewa yake, pasi yake ya kulehemu, kabla mgeni yeyote hajaingia kuangalia.

Halafu kaka, hilo la kutokamilika msilionee aibu kabisa. The Model Railway Club ya London ilianzishwa 1910, ndo klabu ya zamani kuliko zote za aina hii zinazojulikana, ina jengo lake Keen House karibu na King's Cross, na leauti yao maarufu ya Copenhagen Fields ilianzwa 1983 na mpaka leo wanaendelea kuijenga. Zaidi ya miaka 40. Watu wanaipenda hivyohivyo na inaenda maonyesho. Sasa nyie mna bodi saba za reli iliyolazwa sawasawa na mnaongea habari ya kontena la taka? Anayependa kazi hii mara nyingi anatafuta kitu cha kujenga, sio kitu kilichojengwa na mwingine mpaka mwisho, kwa hiyo huo unusu wake unaweza kuwa ndo unaomvuta mtu. Ila lazima useme ukweli hiyo nusu iko wapi.

Nikija kwa mwenyekiti wako, makumbusho. Namheshimu, lakini msitegemee sana. Makumbusho yana sera ya kile wanachopokea, yana stoo zilizojaa, na kitu kikipokelewa lazima wakitunze kwa miaka. Mfano mzuri ni Pendon, pale Long Wittenham, Oxfordshire, makumbusho ya treni ndogo yaliyoanzishwa 1954. Wanayo Madder Valley ya John Ahern, yeye alifariki 1961 na leauti yake ikahamia kwao, ipo mpaka leo na watu wanaenda kuiona. Lakini Madder Valley ilibadilisha namna watu walivyokuwa wanatengeneza mandhari, ndo maana ikapata chumba. Stesheni ya OO ambayo haijapata majengo yote, hata kama imelazwa vizuri namna gani, mkurugenzi wa makumbusho atakuambia asante sana na atakupa chai. Andikieni barua moja au mbili mkitaka, ila kazi yenu kubwa iwe kutafuta mtu. Narudia, mtafute mtu, au kikundi cha watu wenye hamu nayo. Ukipeleka leauti mahali ambapo kuna nafasi lakini hamna mtu anayeitaka, iwe shule, iwe nyumba ya wazee, iwe stoo ya kanisa, itakaa pale inakula vumbi mpaka siku mtu mwingine ataita kontena.

Leicester Central naona ina njia nzuri. Ile reli ya Great Central ilifunguliwa 1899, stesheni yenyewe ikafungwa 1969 kama ulivyosema, na sehemu ya reli hiyohiyo imefufuliwa na watu wa kujitolea, treni za mvuke zinatembea kutoka Loughborough mpaka Leicester North, kwa hiyo katika eneo lenu kuna watu chungu nzima wenye mapenzi na hiyo reli. Anzeni na wao na vilabu vya jirani, Loughborough, Nottingham, Derby, Coventry. Usitume ujumbe wa "tuna leauti mnataka?", huo hakuna atakayejibu. Andika kitu kama hiki: stesheni ya Leicester Central, OO, bodi saba za futi 4 kwa 2, plaiwudi ya milimita 9, reli ya kampuni ya Peco kodi 75 (yaani kimo cha reli), pointi ngapi na ngapi kati yake zina mota, waya zimefika bodi ya nne, umeme ni wa kawaida au wa dijitali, majengo yaliyopo ni haya, yasiyokuwepo ni haya, inaondoka bila malipo kwa klabu itakayoendelea kuijenga, mwisho wa kuchukua ni tarehe fulani. Picha za juu, za pembeni, na za CHINI ya bodi. Hiyo ya chini ndo fundi anaiangalia kwanza, akiona waya zimelala vizuri na zina lebo anakuja na gari, akiona kama kiota cha ndege anafunga simu.

Kuhusu hela nakwambia wazi, bodi ambazo hazijaisha hazina soko kubwa. Kinachouzika ni pointi, mota za pointi, kontrola, injini na mabehewa. Kwa hiyo kuna uamuzi mgumu: mkizing'oa pointi mkauza eBay mtapata chochote, lakini leauti imekufa hapohapo, manake hakuna mtu atakayechukua bodi zenye mashimo. Mimi ningewashauri mtoe nzima kwanza, mpaka katikati ya Februari tuseme, na vitu vya pembeni, yaani injini za klabu, vitabu, magazeti, vifaa, hivyo ndo muuze kwenye maonyesho. Yale makubwa ya klabu ya Warley pale kwenye kumbi za maonyesho za NEC Birmingham yalifanyika mara ya mwisho 2023, lakini madogo ya kwenye kumbi za shule na makanisa bado yapo, na pale mtu akikuta meza ya klabu inayofungwa ananunua na kuuliza habari, na hapo ndo unamwambia kuhusu leauti. Magazeti pia bado yanasomwa, Railway Modeller ipo tangu 1949, watumieni tangazo fupi mapema kwa sababu gazeti la mwezi linaacha kupokea matangazo wiki kadhaa kabla ya kutoka.

Ya N haina tabu. Bodi mbili, treni zinatembea, mtu anaweza kuibeba kwenye gari la kawaida na kuiweka chumba cha kulala. N Gauge Society ipo tangu 1967 na ina wanachama kila kona, waulizeni. Hii ndo ningeipa kijana. Kijana anayetaka kuanza anakwamia kwenye kulaza reli na kufunga waya, na hayo yameshafanyika, yeye abaki na vilima na miti. Mpeni pamoja na mtu wa kumpigia simu, mmoja wenu anayejua ile leauti, huo mwaka wa kwanza tu.

Turudi Voi. Hii usiichanganye na zile mbili kwenye tangazo moja, itapotea. Watu wanaojua Garratt ni wachache lakini wako makini sana. Zile za daraja la 59, kubwa kuliko zote kwenye East African Railways, zilijengwa na Beyer Peacock, Manchester, zikaja 1955 na 1956, injini 34, kila moja na jina la mlima, na moja yake, 5918 Mount Gelai, iko Nairobi Railway Museum mpaka leo. Kuna watu Uingereza, Ujerumani, Australia wanaoota kuitengeneza reli ya Afrika Mashariki, ile ya upana wa mita moja, na hawajawahi kupata hata picha nzuri ya jengo la Voi. Gazeti la Continental Modeller ndo linaloandika reli za nje ya Uingereza, watumie maelezo na picha, sema wazi nani alitengeneza (kama familia imekubali jina litajwe), alifanya kazi gani relini, na kwamba bodi zinatafuta fundi wa kuzimalizia.

Kupeleka Kenya inawezekana, najua moyo wako uko huko, na mimi ningefurahi sana. Lakini fanya kwa mpangilio. Andika kwanza Nairobi Railway Museum, tuma picha na vipimo, uliza kama wanaitaka na wataiweka wapi, subiri jibu la maandishi. Usipakie kitu kwenye kontena kwa matumaini. Ikiwa hawana nafasi ya bodi, fikiria kupeleka jengo la stesheni, tangi la maji na zile Garratt mbili ndani ya kasha moja la kioo pamoja na nakala za picha za mzee. Kitu cha ukubwa huo ni rahisi kusafirisha, ni rahisi kutunza, na mtoto wa shule wa Nairobi akisimama mbele yake anaona kila kitu. Muulize na wakala wa mizigo ushuru utakuwaje kabla hujafunga boksi.

Na hizo picha jamani, hizo picha na michoro na madaftari! Naona watu wanahangaika na mbao wakati karatasi ziko kwenye mfuko wa plastiki chini ya meza. Mzee alichora Voi kwa kumbukumbu za mtu aliyefanya kazi hapo, pengine amepima plathfomu kwa hatua, pengine ameandika nyuma ya picha ni nani amesimama. Skanini zote kwa ubora wa juu, mbele na nyuma, asili zirudi kwa familia, nakala ziende sehemu mbili au tatu. Chuo Kikuu cha Leicester kina East Midlands Oral History Archive wanaohifadhi sauti za watu wakieleza maisha yao, kwa hiyo kama kuna mwanachama mzee au ndugu wa marehemu anayekumbuka habari za reli, mrekodini wakati bado yupo, halafu waulizeni kama wataipokea. Michoro ya Leicester Central nayo, Historical Model Railway Society ya tangu 1950 ni watu wa kuuliza.

Sasa usalama, nisikilize vizuri. Ile leauti ya Voi ilianza miaka ya sabini mwanzoni, na mafundi wengi wakati ule walikuwa wanachonga kuta za mawe na plathfomu kwa ule udongo wa DAS unaokauka wenyewe. DAS ya 1963 mpaka 1975 ilikuwa na asbesto ndani. Ikiwa imekaa salama, imepakwa rangi, haina shida, ila mtu asije akaipiga msasa wala kuivunjavunja wala kuikata kwa msumeno, na yeyote atakayeichukua aambiwe hivyo kwa maandishi. Hii pia ni sababu nyingine ya kutoitupa tu kwenye kontena. Transfoma za zamani zenye waya wa kitambaa au plagi iliyopasuka zisiende na leauti, zitoeni, mwenye leauti mpya atanunua yake.

Kwenye kuhamisha, uharibifu mwingi unatokea siku hiyo. Mwisho wa bodi ndo mahali reli zinapong'oka, mtu anapita na suruali inanasa. Kabla hamjafungua bolti hata moja, chukueni masking tepu na kalamu, kila waya unaovuka kutoka bodi moja kwenda nyingine uwekeeni namba ileile pande zote mbili, pigeni picha, ndipo mkate au kuchomoa. Halafu chukueni bodi mbili za ukubwa mmoja, zielekeane uso kwa uso, kata vipande viwili vya plaiwudi vya upana wa bodi na kimo cha kutosha majengo yasigusane katikati, vifunge kwa bolti kila mwisho. Hapo bodi mbili zimekuwa sanduku moja, reli ziko ndani, watu wawili wanabeba. Bodi saba ni masanduku matatu na moja ya peke yake, hiyo ikatiwe kifuniko. Kabla ya kupakia pima ngazi, pima na kona ya ngazi, manake kiwanda cha zamani mara nyingi lifti ya mizigo imeshakufa na kitu kilichojengewa juu hakipiti mlangoni.

Na kama mpaka Machi hamjapata mtu wa Leicester Central? Basi ivunjeni kwa mikono yenu wenyewe. Nasema hivi kwa uzito. Chagueni bodi moja iliyo nzuri kuliko zote, hiyo ibaki, mmoja wenu aichukue au iwe ya kuonyesha. Zingine ng'oeni pointi polepole kwa maji ya uvuguvugu kama ballasti (kokoto za chini ya reli) imegandishwa kwa gundi nyeupe, majengo yagawiwe, mbao ziende kwa karakana ya kujitolea ya wazee, wale wa Men's Shed wanapenda plaiwudi nzuri. Hiyo ni heshima zaidi kuliko kuisukumiza kwenye gereji ya mtu aliyekubali kwa aibu tu, ikalowa, ikapinda, na baada ya miaka mitano mke wake anaita kontena. Nipigie ukishaongea na familia, nataka kujua.

SWALI: Fundi habari. Marehemu mume wangu alikuwa Mmarekani, alikuwa na reli ya HO (skeli ya 1:87) beismenti nzima hapa Ohio, imepigiliwa ukutani, hajaimaliza. Nauza nyumba. Mtu amekuja anasema atanipa dola mia tatu aondoe kila kitu. Nikubali?
Mama Asha, Columbus

JIBU: Pole sana Mama Asha, Mungu amlaze pema. Usikubali bado. Huyo inawezekana ni mtu mwema tu anayetaka kusaidia, lakini kwenye hayo mabokisi ya injini kunaweza kuwa na injini moja tu ya shaba ya njano (brass), zile za kutengenezwa kwa mkono Japani au Korea, yenye thamani kuliko hiyo bei yote. Kwa hiyo usiuze jumla kabla mtu asiyenunua hajakuangalizia. Marekani kuna chama kinaitwa NMRA, cha tangu 1935, kimegawanyika kimaeneo na Ohio wapo, watafute, eleza wewe ni mjane na hujui vitu, omba mtu aje aandike orodha. Mkaribishe na ndugu mwingine awepo.

Reli yenyewe kwa ukweli, ikiwa imepigiliwa ukutani na imezunguka chumba, mara nyingi haitoki nzima. Ilijengwa ikae pale. Usijilaumu ikivunjwa, yeye mwenyewe alikuwa anajua hivyo wakati anapigilia. Kabla haijavunjwa mwite mtu anayejua kuiendesha, treni itembee mzunguko mzima, mtoto mmoja arekodi kwa simu kutoka kila pembe. Halafu chagua kipande kimoja unachokipenda, daraja, kijiji, chochote, kikatwe na msumeno pamoja na mbao yake ya chini, kiwe cha ukubwa wa kukaa juu ya kabati. Injini unazotaka kuwawekea watoto zitoe leo, ziweke chumbani kwako, zisikae beismenti wakati watu wanaingia na kutoka. Kinachobaki kiuzwe kwa orodha, injini kando, mabehewa kando, reli na pointi kando, na mnunuzi wa mwisho ndo abebe na kusafisha chumba, iandikwe kwenye makubaliano, manake beismenti ikibaki na mbao na misumari dalali wa nyumba atakutoza wewe.

SWALI: Shikamoo mzee. Mjomba yuko Uingereza anataka kuniletea bodi moja ya treni za N ambayo haijamalizwa na klabu yao. Mimi niko Mombasa, Kizingo. Itafanya kazi huku au nitapata hasara tu?
Kijana wa Kizingo

JIBU: Marahaba mwanangu, mwambie alete. Umeme wa Kenya ni volti 240 na plagi ni ileile ya pini tatu bapa ya Uingereza, kwa hiyo kontrola yake inaingia ukutani moja kwa moja, ila weka kifaa cha kulinda umeme unapopanda na kushuka.

Adui wako ni hewa ya bahari. Kabla hajafunga mzigo muulize reli ni za nikeli silva (mchanganyiko wa shaba na nikeli usioota kutu) au chuma. Nikeli silva inachafuka tu na unaifuta, chuma huko Kizingo kitaota kutu mapema, kwa hiyo kama ni chuma mwambie abadilishe kabla ya kutuma, ni bei ndogo kwa bodi moja. Plaiwudi ipakwe vanishi pande zote, juu, chini na zile kingo ambazo watu husahau, na hapo ndo unyevu unaanzia. Bodi isiegemee ukuta wa nje wa nyumba, iwe na miguu au iwe kwenye rafu, na usipocheza uifunike kwa shuka la pamba, sio nailoni, nailoni inafungia joto na unyevu ndani. Kusafisha reli tumia spiriti ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, usitumie msasa hata kama mtu atakuambia, unakwaruza reli na uchafu unashika zaidi. Kwa N, magurudumu ni madogo mno, vumbi kidogo tu injini inasimama, kwa hiyo futa kila unapotaka kuendesha.

Vitu vya mandhari huna haja ya kuagiza. Mchanga wa mto uliochekechwa kwa kitambaa cha chandarua, uoshwe, ukaushwe juani, unafaa barabara na ua wa stesheni. Usitumie wa ufukweni, chumvi yake itakula waya. Mibuyu utaijenga kwa waya mwembamba wa shaba uliosokotwa na kufunikwa na gundi ya mbao. Bodi ikifika ikaguliwe kwanza kona zote nne kabla dereva hajaondoka, na umwombe mjomba aweke mchoro wa waya ndani ya boksi.